Nusu Sasa, Nusu Tukifika

Fundi makochi alikuwa na jina lake, ila mtaani walishalisahau. Walimwita Mzee Wakubwa, kwa sababu hakuna baya lililotokea asilowabebesha wakubwa. Umeme ukikatika, wakubwa. Sponji ikipanda bei, wakubwa. Siku moja alijigonga kidole kwa nyundo yake mwenyewe, mbele ya wateja. Akakinyonya, akafikiri kidogo, kisha akasema misumari ya siku hizi wakubwa wanaiachia tu iingie nchini bila hata kuitazama.

Mke wake alipokuwa hai alikuwa anamcheka, na hasira inaishia hapo. Sasa mke hayupo, mwaka wa pili huu, na kwa hilo nalo fundi alikuwa na wakubwa wake: wale wa hospitali, waliokuwa wakisema mashine mbovu, njoo wiki ijayo, njoo wiki ijayo, mpaka wiki zikaisha. Hakubaki wa kumcheka. Usiku alilala karakanani juu ya kochi lolote la mteja lililokwisha kushonwa, maana kitanda cha nyumbani kilikuwa kimegeuka kipana mno.

Binti yake aliolewa ng'ambo, nchi ya pili, upande ule wa maji. Huko alikuwa amejifungua mtoto wa kike akampa jina la bibi yake marehemu, na miezi ilikuwa inapita babu hajamtia machoni.

"Baba, njoo ukae hata wiki," binti alisema kwenye simu.

"Nitakuja. Asubuhi naingia, jioni natoka."

"Kwani hapa kwangu kuna kunguni?"

Fundi akasingizia kazi nyingi. Ukweli ni kwamba alikuwa anaiogopa nyumba ya mkwe. Miaka yote marehemu ndiye aliyekuwa ulimi wake. Yeye kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa na kupokea chai. Sasa akae wiki nzima anatazamana na mkwe, waongee nini? Sponji?

Basi akavaa shati la kutokea, akaenda kukata tiketi. Dirishani wakamwambia pesa taslimu hawapokei, ni kadi au simu. Hapo alisema maneno kuhusu wakubwa ambayo hayaandikiki, kisha akampigia shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwenye saluni. Shemeji akaja anahema, kitana bado kimechomekwa kichwani.

"Umemwacha mteja?" fundi aliuliza.

"Nimemwacha nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama. Tuharakishe kabla hajajiona kwenye kioo."

Binti wa tiketi akawaelezea. Boti zilikuwa mbili. Ya kawaida ilikwenda pole pole, na mtu wa siku moja akifika anakunywa chai tu, anageuka. Ya haraka ilitumia nusu ya muda, ila bei yake mara mbili.

"Ngoja," fundi alisema. "Yaani nalipa zaidi ili nikae humo kidogo?"

"Ndiyo maana yake, Mzee."

"Mteja akija kwangu nikamwambia kochi hili bei mara mbili kwa sababu utalikalia muda mfupi, si atanipiga?"

Foleni nzima ikacheka. Mtu wa nyuma akasema mzee anasema kweli, aachwe aseme.

"Shemeji," mama wa saluni alimnong'oneza, "unakwenda kuona boti au unakwenda kuona mtoto?"

Fundi alitazama picha za boti zilizobandikwa kwenye kioo kana kwamba anachagua kitambaa. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nipe ya haraka."

"Kwenda na kurudi," binti wa tiketi alisema huku anabonyeza.

"Kwenda."

"Mzee, safari ya siku moja tunaiuza kwenda na kurudi. Ndiyo nafuu."

"Mmeshanirudisha?"

"Bado."

"Basi mnanidai nini?" Fundi aliegemea dirisha. Hapa sasa alikuwa kwenye uwanja wake. "Sikiliza, mwanangu. Mimi kazi zangu zote ni nusu sasa, nusu nikimaliza. Mteja akinipa yote mwanzo, hata mimi mwenyewe nitalala. Sembuse wakubwa wako! Wakijua nimeshalipa, jioni wataniacha gatini nawapungia mkono. Nusu sasa. Nusu nyingine wataipata wakiwa wananirudisha."

Shemeji alijifunika uso kwa pochi.

"Kuzuiwa hutazuiwa," binti wa tiketi alisema, amekata tamaa, "maana kibali cha kuingia kule ni cha wiki. Ila jioni boti huwa inajaa."

"Ikijaa ni uzembe wao. Wataongeza kiti."

"Boti si kochi, shemeji. Haiongezwi," mama wa saluni alisema. "Nikulipie ya kurudi kwa hela yangu?"

"Ukithubutu, lile kochi la saluni yako nitaliacha uchi mpaka uzeeke."

Akampa noti mkononi, shemeji akalipa kwa simu, tiketi ya kwenda tu ikatoka. Shemeji aliitazama, akamtazama na yeye. "Au hutaki kurudi, useme."

"Nenda kamalize kichwa cha watu."

Asubuhi ya safari fundi alikaa dirishani, akaubonyeza mto wa kiti huku na huku mpaka jirani yake akamuuliza kama amedondosha kitu. "Natafuta sponji," fundi alisema. "Wameila wakubwa." Alitaka kuendelea, lakini boti ikawa imeshafika. Kwa haraka iliyokwenda, alishuka na lawama zake nyingi hazijatumika.

Binti alimkumbatia gatini, akamshika mkono mpaka nyumbani. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili ghorofani, nguo za mtoto zimeanikwa hadi kwenye kitasa cha mlango. Mkwe, mpishi wa hotelini, mrefu na mkimya kama kabati, alimpokea kwa mikono miwili. "Karibu, Baba." Basi, akiba yake ya maneno ikaishia hapo. Binti akaenda kumtengenezea mtoto uji, na kule kutazamana alikokuwa anakuogopa fundi kukaanza.

Mtoto alikuwa amekalishwa mkekani, kazungushiwa mito. Fundi alimtazama, mtoto akamtazama. Mkwe alitazama ukuta. Kisha mkwe akajisogeza kwenye kochi lake, na kochi likalia kwii, likamlaza upande.

"Hilo linakuumiza," fundi alisema.

"Limezama, Baba."

"Simama."

Kufumba na kufumbua kochi lilikuwa miguu juu. Fundi aliingiza mkono tumboni mwa kochi, akatoa springi iliyovunjika, akainyanyua kama daktari wa meno. "Nani kakuuzia?"

"Duka kubwa la pale mjini."

"Wakubwa wa maduka!" Alivua shati la kutokea, akabaki na fulana. "Una nyundo? Una kamba? Na kwanza tuelewane. Mimi nafanya kazi kwa advansi, hata kwa mkwe."

Mkwe alifikiri sana. Halafu akasema, "Mimi ni mpishi, Baba. Sahani moja sasa, sahani moja ukimaliza."

"Hapo tumeelewana."

Ikawa kazi. Mkwe anashika kamba, fundi anavuta. Mkwe anauliza hii ya nini, fundi anaeleza. Sahani ya kwanza mkwe akaileta, ikaliwa sakafuni katikati ya springi. Walikuwa wameongea saa nzima bila kujua, na kweli ilikuwa sponji tupu. Ndipo nyundo ikateleza, ikampata fundi kwenye kidole kile kile.

"Wakubwa!" alipiga kelele. "Nyundo gani hii wanaruhusu iuzwe!"

Mtoto akacheka. Alianza na kwikwi moja ndogo, akavuta pumzi, halafu akaachia kicheko cha tumbo zima, mito ikasambaa. Binti alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Kwikwi ile kwanza, halafu kicheko: hakuna mtu mwingine aliyewahi kucheka hivyo katika ukoo wao ila mmoja.

Fundi aliweka nyundo chini. Kidole kilikuwa kinamuuma, lakini alikuwa hakikumbuki. "Wakubwa," akasema tena, taratibu, kwa kujaribu. Mtoto akacheka tena. Akasema ya umeme, akasema ya sponji, akasema ya misumari. Kila moja ilichekwa, na kila iliyochekwa haikurudi tena kifuani.

Jioni walimsindikiza gatini wote watatu, mtoto mabegani kwa babu yake, anamvuta sikio. Kochi walikuwa wameliacha miguu juu, tumbo wazi. Fundi alisogea dirishani peke yake, akauliza swali kwa sauti ya chini, akasikiliza jibu. Akageuka na uso wa masikitiko makubwa.

"Imejaa," alisema.

"Nani kasema imejaa?" mtu wa tiketi alichomoza kichwa. "Mzee, njoo! Nafasi tele! Leo boti nzima ina watu sita na mbuzi wa nahodha!"

Binti alitazama baharini ili asicheke. Fundi alitazama viatu vyake. Mkwe, yule mkimya, alikohoa.

"Baba," akasema, "watu wa madirishani hawa si wa kuaminiwa. Wakubwa wao wanawafundisha kudanganya. Ikiwa umeona imejaa, imejaa."

"Umeona eh!" fundi alisema. "Na isitoshe, nimekula advansi ya watu. Kazi haijaisha."

Walipokuwa wanapanda ngazi za nyumbani, simu ikalia. Ni shemeji. "Umeshapanda boti?"

"Wakubwa wameijaza."

"Mpaka lini?"

Fundi alimgeukia mkwe. "Kochi hilo lina viti vingapi?"

"Vitatu, Baba. Na kuna lingine chumbani, halisemeki."

"Shemeji," fundi akasema kwenye simu, "imejaa wiki nzima."

Upande wa pili kikasikika kicheko kikubwa, na nyuma yake sauti ya mteja akiuliza kama kichwa chake kimesahauliwa tena.