Ukungu wa Kezia

Mwaka wa sabini na nne, walipotuhamisha kutoka Heru Juu hadi kijiji kipya kando ya barabara ya Kasulu, nilibeba kila kitu. Mlango, jiwe la kusagia, kuku aliyenidonoa njia nzima, hata picha ya harusi ambayo mke wangu Kezia alisema nimetokea kama mtu aliyekamatwa. Kezia mwenyewe sikuweza kumbeba. Tulikuwa tumemzika masika yaliyotangulia, nyuma ya migomba.

Nilichoacha ni takataka: majani makavu ya mgomba, meusi, aliyokuwa akifunikia muhogo jikoni. Nani huhama na takataka?

Huku nilitamani kitu kimoja tu, ugali wake. Basi nikamenya muhogo mchungu, nikauanika ukanyauka, nikaurundika, nikaufunika kwa majani mabichi, mawe juu. Kwetu Waha kuvundika muhogo ni kazi ya wanawake, kwa hiyo nilifunga mlango kama mwizi anayejiibia.

Nilipofunua, rundo lilikuwa linateleza na kunuka. Ukungu hakuna hata wa dawa. Nikarudia. Likanuka zaidi.

Esteri, jirani yangu, mjane aliyekimbia kutoka Burundi, hakuhitaji kuambiwa. Upepo ulishamwambia.

“Shemeji Tharsisi, umefuga fisi humo?”

“Navundika.”

“Yewe! Wewe?” Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Kisha akayaona majani. “Mapya matupu! Ukungu umeutoa wapi?”

“Si unakuja wenyewe?”

“Kwenye jiko lililozoea. Nyumba hii hata wewe bado haikujui. Ukungu ndio unaoutafuna muhogo kwanza, unaulainisha, unautoa uchungu. Usipoualika, huja mgeni mwingine, huyu anayenuka.”

Baadaye bwana shamba aliniambia ukungu ule hutoa vimeng'enya vinavyoulainisha muhogo. Sawa, lakini siku ile nilichojua ni kwamba nyumba za Heru Juu zilikwisha kubomolewa, na majani yale meusi ya Kezia, yenye ukungu wake, yamo chini ya udongo. Nikamwambia Esteri. Hakucheka.

Alikwenda kwake, akarudi na vipande vya muhogo vyenye manyoya ya kijivu.

“Nilipofika Heru Juu sina hata sufuria, Kezia alinimegea ukungu kwenye rundo lake. Ndio huu. Sijauacha ufe.”

Nilivipachika katikati ya rundo jipya. Kila asubuhi niliweka kiganja juu ya majani kama mtu anayegusa paji la mgonjwa, nikiomba homa. Homa ikaja. Nilipofunua, muhogo ulikuwa umevaa sweta. Nikaparua, nikaanika, nikatwanga, nikakaanga dagaa, nikasonga.

Ulikuwa wenyewe. Nikamega tonge la pili kabla la kwanza halijashuka. Halafu nikaona nimesonga ugali wa watu wawili. Mkono haukujua kipimo kingine. Nusu nikampelekea Esteri.

Aliunusa, machozi yakamlengalenga. Kisha akanirudishia sahani.

“Ni wenyewe, shemeji. Lakini mjane na mgane wakianza kupelekeana sahani, kijiji hiki kitapata habari yake ya kwanza. Nenda ukale.”

Nikarudi nikala nusu yangu, kisha ile nyingine, huku nikilalamika kwa sauti kwamba dagaa wamezidi chumvi. Hakuna aliyenijibu, kama Kezia alivyozoea, kwamba siku nyingine nipike mwenyewe.