Kulabu ya Shoto

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, mtaa mzima unajua. Jumamosi ile nilipoukuta ukuta wa ghala la nne umebaki misumari mitupu, nilianza kufoka hata kabla ya salamu.

"Kulabu za marehemu ziko wapi?" nilimuuliza mhandisi wa ujenzi. "Si mliahidi mbele ya familia zote kwamba leo tutakuja kuzichukua?"

Niwaeleze. Bandari ya zamani ilipofungwa, tuliambiwa patakuwa mtaa wa utamaduni: ukumbi wa maonyesho, maduka, nyumba za kupanga ghorofani, mkahawa chini. Sikuwa na neno. Mimi ni fundi wa kung'arisha vyuma, na ujenzi wao ndio uliokuwa ukiniweka mjini. Lakini kwenye ghala la nne wapagazi walikuwa na lao. Mpagazi akifia kazini, kulabu yake ya kuvutia magunia hutundikwa ukutani, na hakuna anayeigusa tena. Kaka yangu, tuliyemwita Shoto, aliangukiwa na shehena miaka kumi na tisa iliyopita. Kulabu yake ilining'inia pale, na kitambaa ambacho mama alimfungia mpinini kwa sababu viganja vyake vilitoka jasho mno. Mama sasa macho yameingia ukungu. Mwaka mzima alikuwa akiomba kitu kimoja tu, aishike kulabu ile kabla hajafa. Asubuhi hiyo nilimwacha ameketi kitandani, amevaa nguo zake za kutokea, ananisubiri.

Mhandisi, binti mpole, alishangaa. "Mzee, si zilipelekwa kwa fundi Jumatano? Karani wa stoo alikosea siku, zilikuwa ziende zile tu zitakazobaki baada ya leo."

"Fundi gani huyo mpumbavu aliyezipokea?"

Aliitazama mikono yangu. Kisha akasema polepole, "Si wewe, mzee?"

Ni kweli, Jumatano niliteremshiwa magunia mawili, nikaambiwa ni vyuma vya mapambo ya mkahawa. Bandari nzima ilijaa kulabu, ningejuaje? Nilifanya kazi huku napiga mluzi. Matambara ya kwenye mipini, yote meusi kwa grisi, niliyakata kwa kisu nikayawashia jiko la chai. Mipini nikaipiga msasa mpaka ikalainika. Na nilijisifu, jamani. Nilimwita mke wangu aje aone.

Zilikuwa zimeshatundikwa kwenye dari la mkahawa, thelathini na moja, zinang'aa kama vijiko vipya. Nilipanda ngazi nikazishika moja moja. Shoto alitumia mkono wa kushoto, na mpini wake ulikuwa umelika upande mmoja mpaka kidole gumba kinazama. Sasa mipini yote ilikuwa sawasawa. Nililia juu ya ngazi ile, mtu mzima na mvi zangu, mafundi rangi wakijifanya hawanioni.

"Chukua yoyote, mzee," mhandisi alisema kwa huruma.

Nikachukua moja yenye urefu ule ule wa ile ya Shoto. Njiani nilichana ukingo wa shati langu, nikaufunga mpinini, nikaupaka grisi. Mungu anisamehe.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Kidole chake gumba kikatembea kwenye mpini, kikarudi, kikatembea tena. Akaligusa fundo. Mimi huku najieleza harakaharaka, kwamba wameisafisha kidogo tu, kwamba ndiyo ile ile.

"Nani aliyeisafisha?"

"Mafundi, mama."

"Mafundi," alisema. Akanyoosha mkono akakitafuta kiganja changu. Kina vumbi la msasa ambalo halitoki hata kwa sabuni. Alikipapasa, akakileta puani akakinusa, kisha akakishikilia mapajani mwake. Hakunikemea. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuangalia.

Halafu akakifungua kile kitambaa cha shati langu, akakikunja vizuri, akakiweka chini ya mto wake. Kulabu akanirudishia.

"Irudishe, mwanangu," alisema. "Mwenye hii naye ana mama yake."