Bahashishi ya Bi Tumeshalipa

Chapchap alikuwa amepiga magoti kwenye bafu la chumba namba 614, akichokoa nywele kwenye tundu la maji kwa mswaki mkuukuu, na mwenye nywele zake amesimama mlangoni kuhakikisha zinatoka zote.

"Na ile kona, binti. Hapo chini ya sinki. Jana hukuifikia."

"Nitaifikia, mama."

"Si kwamba nakusumbua. Ila sisi tumeshalipa."

Ndilo lilikuwa neno lake. Siku ya kwanza, kabla hata masanduku hayajaletwa chumbani, mama huyu na mumewe walitangaza kwamba bahashishi na ada ya huduma walizilipa kwao, siku ile ile ya kukata tiketi, watu wawili kwa siku kumi, ili wakiwa melini wasione mkono wa mtu umekunjuliwa mbele yao. Tangu hapo ikawa kudai tu. Mito sita, kisha minane. Taulo zikunjwe umbo la swala, si bata, bata wa nini? Barafu saa nne, barafu saa saba, barafu mzee akitoka kuogelea. Wafua nguo kule chini ndio waliompa jina la Bi Tumeshalipa, na jina likamkaa kama gauni la kupimiwa.

Chapchap naye hakupewa jina lake kwa mapenzi. Alikuwa na vyumba kumi na vinane vya kumaliza kabla ya saa saba mchana, magodoro ya kuinua, vyoo vya kusugua, na chakula alikila wima stoo, katikati ya sabuni na karatasi za chooni. Mgongo ulianza kumuuma mwezi wa nne wa mkataba. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa na hakumwambia mtu, maana anayeugua kwenye meli ya starehe hushushwa bandari inayofuata akajiuguze kwao. Alichana shuka bovu, akajifunga kiunoni chini ya sare, akakaza, akaendelea.

Jumamosi meli ingetia nanga na mkataba ungekwisha. Ijumaa ingebandikwa orodha ya watakaorudi kazini. Chapchap hakutaka kitu kingine duniani ila jina lake kwenye karatasi ile. Binti yake wa miaka saba hasikii, na alikuwa amepata nafasi kwenye shule ya bweni ya viziwi. Kabla ya shule alikuwa akipiga mayowe na kung'ata watu, kwa kuwa hakuwa na namna ya kusema ana njaa. Siku hizi akipigiwa simu ya picha anasema kwa mikono, mbio mbio, tena anamcheka mama yake akikosea. Karo ilitoka kwenye mashuka haya, haikuwa na pa kutoka pengine. Bila mkataba, mtoto angerudi kwa bibi yake, kukaa uani akitazama midomo ya watu.

Alhamisi hiyo, bafu lilipokwisha, Bi Tumeshalipa akajitupa juu ya kitanda ambacho hakina hata dakika tano tangu kitandikwe.

"Hebu niambie, binti. Bahashishi tuliyolipa, inakufikia yote?"

Jibu limo ukurasa wa pili wa kijitabu cha wafanyakazi, na Chapchap alilijua kwa moyo. "Kampuni inatujali sana, mama."

"Aa, hayo ya kasuku wape wengine. Mimi ni mtu wa haki. Huko kwetu nimekuwa mwenyekiti wa vyama vitatu. Sema, hayatatoka humu ndani."

Mtu wa haki! Hapo ndipo angepaswa kubeba ndoo yake na kukimbia. Lakini mgongo ulikuwa unawaka, na kwa miezi tisa hakuna mgeni aliyemuuliza kitu kisichokuwa taulo. Ulimi hauna mfupa. Akasema. Akaeleza kwamba bahashishi za abiria wote hutiwa kapu moja. Kwamba mshahara ulioandikwa kwenye mkataba wake hulipwa kutoka kapu hilo hilo, na kampuni huongeza pale tu linapopelea. Kwa hiyo ile asante wanayodhani wamempa juu ya mshahara ndiyo mshahara wenyewe.

"Kumbe! Yaani wafanyakazi ni wao, na mishahara tulipe sisi?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Wametutapeli!"

Chapchap akangoja aseme na la pili, juu ya wale wanaopiga magoti mabafuni. Halikuja. Mama alikuwa ameshavaa viatu anatafuta njia ya mapokezi.

Yale yasiyotoka chumbani yalisikika mpaka kwenye lifti. "Binti wa chumbani kwangu ameniambia yote! Rudisheni pesa zetu!" Watu waliokuwa kwenye foleni wakampigia makofi. Saa tisa alasiri Chapchap akaitwa ofisini kwa msimamizi wa vyumba, ambaye wafanyakazi walimwita Meno, kwa sababu kila asubuhi aliwapanga mstari kuwakagua wanavyotabasamu.

"Usikae, hatukawii," alisema Meno. "Mgeni wa 614 ameondoa bahashishi, yake na ya mumewe. Unajua fomu inataka sababu?"

"Najua, bosi."

Akaigeuza karatasi aione. Visanduku vilikuwa vitatu tu: uchafu, uchelewaji, ukorofi wa mhudumu. Cha kulaumu kampuni hakikuwemo. Karani wa mapokezi, mtu mwenye akili zake na mkataba wake, alikuwa ametia alama kwenye ukorofi.

"Lakini bosi, yule mama hakunilalamikia mimi. Alimlalamikia..."

"Nani?"

Chapchap akaiinamia fomu.

"Malizia. Nina muda. Alimlalamikia nani?"

"Labda fomu imekosewa, bosi."

"Fomu haina mdomo. Mwenye mdomo ni wewe."

"Aliniuliza."

"Na kila ukiulizwa unajibu? Haya, nikikuuliza mgongo wako unaendeleaje, utanijibu?"

Chapchap akashusha mkono kutoka kiunoni. Kumbe mwanaharamu huyu alikuwa akijua siku zote, na vyumba kumi na vinane havikupungua hata kimoja.

"Mzima, bosi."

"Umeona? Unaweza."

"Nina mtoto shuleni, bosi. Niandike hata jikoni. Hata kuosha masufuria."

"Kila mtu ana mtoto. Kampuni haikumzaa." Meno akaifunga fomu kwenye faili, akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Ijumaa orodha ikabandikwa. Akaisoma juu hadi chini, halafu chini hadi juu, mjinga wa watu, kana kwamba jina lingeona haya lijitokeze. Mezani, mfua nguo aliyelala naye chumba kimoja miezi yote tisa akasogeza sahani yake kando.

"Chumba kimoja kikiondoa pesa zake, kapu linapungua kwetu sote, shoga. Ungemezea tu."

Chapchap akainuka mezani. Akapanda moja kwa moja hadi 614, saa ambayo si ya usafi, akagonga. Bi Tumeshalipa akafungua, uso unang'aa mafuta.

"Mwenyewe huyu hapa! Nimekupigania, binti! Wamerudisha mpaka senti ya mwisho."

"Mama, wameniondoa kazini."

"Wamethubutu? Nitawaandikia barua, watanitambua. Nikifika nyumbani tu."

"Twende sasa hivi, mama, nakuomba. Neno moja kwa msimamizi, kwamba mimi sikukukosea."

"Mimi niende kuwabembeleza wale wezi? Siwezi kujidhalilisha kiasi hicho. Wewe shukuru umetoka kwenye minyororo yao." Kisha sauti ikalainika. "Wala sikukusahau. Pesa zenyewe wamekataa kutupa mkononi, wanasema za melini zitumike melini. Basi nikakandwa mwili, mzee akanywa, na kilichobaki nikakununulia hiki."

Akatoa mfuko wa duka la meli. Ndani mlikuwa na dubu wa manyoya, amevaa aproni na kofia ya wahudumu wa vyumba, na kibandiko kifuani kilichoandikwa: Kwa Furaha.

"Nilipomwona tu, nikasema huyu ni yule binti yetu kabisa! Mzee, barafu imebaki?"

Mzee alisema imekwisha. Chapchap akaenda kuleta barafu.

Angeweza kumtupa dubu yule baharini, na mkono ulimwasha kufanya hivyo. Akamtia begini. Binti yake hakuwahi kuwa na kitu laini cha kulala nacho, na sare ile asingejua ni ya nini.

Jumamosi abiria walishuka kwanza, wafanyakazi wakafuata. Penye ngazi, mlinzi akafungua begi lake, akamtoa dubu kwa sikio.

"Hii ni mali ya duka. Kibali kiko wapi?"

"Nimepewa na mgeni wa 614."

"Basi iwepo karatasi yenye sahihi yake. Iko wapi?"

"Hakuniandikia. Yule pale gatini anapanda gari. Ananipungia mkono, si unamwona?"

Mlinzi akatazama. Kweli, Bi Tumeshalipa alikuwa akipunga, mikono yote miwili.

"Kupunga si sahihi, dada yangu."

"Ni ya mtoto, kaka."

"Usinitie matatani. Na mimi nina mkataba."

Akaandika kwenye fomu kwamba mali imerejeshwa, Chapchap akatia saini. Akadaiwa pia kibandiko cha kifuani mwake mwenyewe, kwa kuwa nacho ni cha kampuni. Akakibandua, akakiweka mezani, akashika begi lake na kuanza kushuka ngazi, mkono mmoja kiunoni. Nyuma yake mlinzi alimkung'uta dubu vumbi, akamnyoosha aproni na kumweka kofia sawa, kisha akamkabidhi mtu wa dukani aliyekuja mbio kujaza rafu kabla abiria wapya hawajapanda. Dubu akapitishwa mlango wa wafanyakazi, akarudi kazini.