Mstari wa Penseli

Semina ilifanyika Ifakara, siku mbili, na mimi ndiye niliyetumwa. Mwezeshaji alitugawia kitabu cha mwongozo wa matibabu, akatuambia tupige mstari penye mambo tunayoyasahau, kisha tukirudi vituoni tuwahimize madaktari wenzetu wakifungue kila siku, hata mbele ya mgonjwa. Nilipiga mistari, nikala wali kuku, nikarudi kituoni kwetu, barabara ya Mngeta. Kitabu nikamkabidhi Evod, kijana aliyekuwa ameanza kazi mwaka ule, 1997.

"Soma wewe," nikamwambia. "Mimi nimezeekea humu."

Evod, maskini, akakisoma kweli. Mgonjwa akieleza, yeye anafunua kurasa taratibu. Mimi niko meza ya pili na chai yangu ya vijiko vinne vya sukari, nimekereka. Miaka ishirini na sita nilikuwa nikimtazama mtu usoni na kumwandikia dawa kabla hajakaa sawasawa, na watu walinisifu kwa hilo. Siku moja, benchi limejaa, nikapaza sauti: "Daktari, mtihani ni lini?" Benchi zima likacheka. Tangu hapo wakamwita Mwanafunzi, na kina mama wakawa wanahamia foleni yangu. Hazikupita wiki mbili, kitabu kikaingia kwenye droo. Nami nikajiona nimemkomaza kijana.

Mpunga ulipoanza kuiva, binti yangu Balbina alikuwa shambani, huko bondeni, akiamia ndege wasile mpunga, pamoja na mwanawe Frida, wa miaka mitatu. Asubuhi moja wakaletwa kwa baiskeli. Frida alikuwa na homa tangu juzi, hakuwa amekula kitu, na njiani alishikwa na degedege. Alikuwa hajitambui. Nilichukua sindano, nikairudisha mezani.

"Evod, mtibu wewe," nikasema.

"Sawa, Mzee."

Alimpima, akamchoma kwinini pajani. Kisha mkono wake ukaenda kwenye droo. Akaivuta kidogo, akanitazama. Akawatazama na watu waliojaa mlangoni, akaisukuma ikafunga. Niliyaona yote hayo, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mchana ule Frida hakuzinduka. Degedege lilirudi mara mbili. Saa kumi nikaifungua ile droo mwenyewe, natafuta chochote cha kunisaidia. Ukurasa wa malaria kali ulisema mtoto asiyejitambua apewe sukari mara moja, kwa mshipa au kwa mpira wa puani, ubongo usije ukadhurika. Chini ya maneno hayo palikuwa na mstari wa penseli. Ulikuwa wangu, nimeupiga Ifakara. Chupa tatu za maji ya sukari zilikuwa kabatini, hazijaguswa. Tulimpa mbiombio, mimi na Evod.

Alifumbua macho siku ya tatu. Hakumtambua mama yake, na shingo yake ilikuwa haikai.

"Baba," Balbina akaniuliza, "kuna kitu huyu Mwanafunzi alisahau?"

Evod alikuwa mlangoni, anasikia. Hapo ndipo ningesema. Nilijishughulisha kumfunika Frida shuka, na Balbina akauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo jibu. Mwezi uliofuata Evod akaomba uhamisho, akapelekwa Mlimba. Aliniaga kwa heshima, shikamoo yake ileile, nami nikashindwa kumtazama.

Sasa ni 1999. Frida ana miaka mitano, hasemi, na uji tunamlisha kwa kijiko. Kitabu kiko juu ya meza yangu, nakifungua kwa kila mgonjwa. Majirani wa Balbina wakishangaa mimi, Mzee Theodori, nasoma nini uzeeni, binti yangu huwajibu kwa sauti, nami nikiwa palepale:

"Ni kwa sababu ya yule Mwanafunzi. Baba hataki mtoto mwingine aharibiwe kama wangu."

Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Lakini sijamwambia.