Mstari wa Chini ya Jina

Fundi cherehani alipoingia karakana ya mchonga mawe, alikuta jina la mdogo wake limeshachorwa kwa chaki kwenye bamba jeusi, kila herufi kubwa kuliko kiganja chake. Chini ya jina palikuwa na mstari mmoja: *Alituongoza ili tupige kura.*

"Soma vizuri, dada, kisha utie sahihi," mchonga mawe akasema, akimpa karatasi ya kamati ya mnara wa kumbukumbu. "Nikishaanza kuchonga, hakuna kufuta."

Akasoma. Akasoma tena. Wivu ukampanda kooni kama kiungulia.

"Siweki sahihi."

"Kuna herufi imekosewa?"

"Herufi ziko sawa. Maneno ndiyo si yake."

Miaka tisa nyuma, mabango ya maandamano ya kudai kura aliyashona yeye, kwa mashuka aliyoombaomba nyumba hadi nyumba. Siku yenyewe alitangulia mbele ya wote, ameshika ncha ya bango kubwa, sauti imemkauka kwa kuimba. Mdogo wake alikuwa kinyozi, na siasa hakutaka hata kuisikia. Polisi na wapinzani aliwanyoa kwa mashine ile ile, na redio ya kibandani kwake ilikuwa ya mpira tu. Asubuhi ile alipenya umati akiwa bado amevaa aproni yenye nywele za wateja, akamshika dada yake mkono.

"Dada, mama anakuita. Twende nyumbani."

"Ngoja kidogo. Tufike posta kwanza."

Posta hawakufika. Risasi moja ya askari ilimvunja dada nyonga. Nyingine ilimpata mdogo kifuani, akakata roho hapo hapo barabarani, na vidole vyake bado vimeshika mkono wa dada yake. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Watawala wa wakati ule walipoondoka madarakani, picha ya mdogo ikabandikwa kila ukuta, ile aliyopiga kutangaza kibanda chake. Alikuwa na sura nzuri, hilo halina ubishi. Barabara ikapewa jina lake. Fundi naye akawa "dada wa shujaa." Watu walimsalimia huku wakitazama juu ya bega lake, kana kwamba shujaa mwenyewe anakuja nyuma. Hata nyumbani mama aliifuta picha ile vumbi kila siku, na fundi, aliyekuwa akipanda ngazi kwa kujishika ukuta, akapita nyuma yake. Fundi alijichukia kwa kuyaweka moyoni mambo hayo. Hata hivyo hakuacha kuyaweka.

Aliporudi kutoka karakana alimkuta mama akikunja nguo kitandani.

"Mwenyekiti wa kamati amepiga simu," mama akasema. "Eti umekataa kuweka sahihi. Mdogo wako amekukosea nini?"

"Yule hakuongoza mtu, mama. Niliongoza mimi. Mguu huu unaniuma kila nikikanyaga pedali ya cherehani, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Yeye alipita tu, na leo ndiye mwenye mnara!"

"Unamwonea wivu marehemu?"

Fundi alitaka kukana. "Ndiyo," akasema mwishowe. "Namwonea."

Alijiandaa kupigiwa kelele. Mama akaketi ukingoni mwa kitanda, shati mapajani.

"Mimi namwonea baba yenu," akasema. "Alijifia zake mapema na ugonjwa wake, hakuona siku ile. Unajua nani alimtuma mdogo wako? Mimi. Alikuwa katikati ya kumnyoa mteja, akaniambia dada ni mtu mzima atarudi mwenyewe. Nikamgombeza mpaka akatoka. Kila nikifuta ile picha, namwomba radhi. Nawe sikuulizi habari za mguu kwa sababu naogopa utaniuliza kwa nini nilimtuma."

Fundi akaketi kando yake. Akasema, "Na mimi nilimwambia angoje."

Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo.

"Basi waeleze watu hayo," mama akasema, akijipangusa macho kwa shati. "Yote. Na jina langu ulitaje."

Kesho yake fundi alitia sahihi mstari mpya aliouandika mwenyewe. Mwenyekiti alikasirika kweli kweli, akasema mnara si mahali pa habari za nyumbani, lakini sheria ya kamati ilikuwa familia ndiyo inayoamua. Siku ya uzinduzi kitambaa kilipovutwa, watu walisoma: *Kinyozi. Alikuja kumchukua dada yake.*

Fundi alipanda jukwaani taratibu, akichechemea, akaeleza jinsi ilivyokuwa: mama aliyetuma, mdogo aliyetii, na yeye aliyesema ngoja. Hakupigiwa makofi. Mwenyekiti alivitazama viatu vyake mwenyewe. Fundi alishuka akiliangalia lile bamba, na wivu bado ulikuwepo, kwa maana hata sasa macho ya watu yalikuwa kwenye jiwe.

Ndipo mzee mmoja aliyekaa upande wa familia za wengine waliouawa siku ile akainuka bila kuitwa.

"Mke wangu alikuwa anatoka kununua dawa," akasema. "Miaka yote hii nimekuwa nikisema aliandamana, kwa sababu niliona ndivyo mnavyotaka."

"Mume wangu aliandamana," mwanamke mmoja akasema, "ila usiku wa kuamkia siku ile tuligombana, nikamwambia asirudi."

Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka vipaza sauti vikazimwa na viti vikaanza kukusanywa. Fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi za mnara, mguu ameunyoosha. Mama akaja akaketi ngazi ya chini yake, akaweka mkono kwenye nyonga ya binti yake.

"Ni hapa?" akauliza.

"Juu kidogo, mama."

Mama akausogeza mkono juu.