Kipande cha Kwanza ni cha Malachy

Nilitia alama kwenye mkate kwa ukucha wa kidole gumba, unga ulipokuwa bado laini, upande wa kulia wa bati. Chini ya alama ile, vidole viwili kutoka mwisho, nilikuwa nimezamisha pete ya shaba iliyofungwa kwenye karatasi. Kijiti, kitambaa na punje ya njegere nilivitia mbali, upande wa pili. Anayepata pete katika mkate wa zabibu wa mkesha wa Watakatifu Wote ataolewa kabla mwaka haujaisha. Kijiti ni ndoa ya ngumi, kitambaa ni ufukara, njegere ni kukaa bila mwenzi. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Siamini kwamba zabibu na hamira zina habari za kesho. Mama mkwe wangu Attracta aliamini, na hilo lilinitosha.

Pete niliikusudia kwa wifi yangu Dympna. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Colman Tansey, aliyekuwa akipima maziwa kwenye kiwanda cha siagi, alikuwa amepata kazi Uingereza, mjini Coventry, na angeondoka Februari. Alitaka kuondoka na mke. Alikuwa amemwomba Dympna jibu ifikapo Jumapili, baada ya misa, na mkesha wa mwaka ule wa 1952 uliangukia Ijumaa.

Dympna alimpenda. Aliniambia hivyo kisimani, akiwa amenipa mgongo. Lakini baba yao, Malachy, alikuwa amefariki mwezi Machi, na Dympna asingeondoka bila neno la mama yake. Mama hakukataa. Kila Dympna alipotaja Coventry, Mama aliinuka akaenda kuwatazama kuku.

Jioni ile ukungu ulipanda kutoka ziwani mapema, saa kumi na moja hivi, ukaingia uani na kusimama mlangoni kama mtu anayengoja kukaribishwa. Kutoka dirishani sikuona ukuta wala lango. Niliona tu taa ya tanipu, mboga ya mzizi ambayo mume wangu Lorcan alikuwa ameichonga na kuitundika kwenye nguzo: macho mawili mekundu na meno matatu yakielea hewani, bila chochote cha kuyashikilia.

Nilitoka na beseni la maji ya vyombo.

"Finola!" Mama aliita kutoka mekoni. "Umesema?"

"Nimesema nini, Mama?"

"Mwaka wa pili huu! Usiku wa leo humwagi maji kimyakimya. Wako njiani. Unataka Malachy aje na shati lililoroa?"

Nyumbani kwetu, mjini Waterford, mkesha huu tuliwaombea marehemu rozari moja, kisha tukagombania tufaha lililoning'inizwa kwa uzi. Hatukuwapisha njia. Huku Roscommon hata maji machafu yalikuwa na adabu zake.

"Pisheni, maji," nikauambia ukungu, nikamwaga.

"Mwalimu anajifunza," Lorcan alisema. "Mwakani tutampa cheti."

"Wewe nyamaza, uondoe hayo mabuti kwenye kiti cha baba yako."

Kiti kilikuwa kimesogezwa karibu na moto wa mboji, matope makavu ya kinamasi yachomwayo kama kuni, na mto wake umekung'utwa. Komeo la mlango lilikuwa limeinuliwa ili Malachy asihitaji kubisha. Dirishani paliwaka mshumaa mmoja. Nakumbuka nilijisikia kama tumo ndani ya kitu kinachoelea, nyumba yote, na kuku, na sisi wanne. Hilo lilitokana na ukungu, na moshi wa mboji, ambao ukikaa nao muda mrefu huufanya uso wa kila mtu uwe mbali kidogo.

Tulikula viazi vilivyopondwa pamoja na sukuma wiki, siagi ikiyeyuka katikati. Hakukuwa na nyama, kwa kuwa ulikuwa mkesha. Kisha nikaleta mkate, nikauweka mezani, upande wa alama ukiwa kulia kwa Mama, ambako kisu chake kingeanzia.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Mwaka uliotangulia, mkesha wangu wa kwanza katika nyumba ile, Malachy ndiye aliyekata. Kipande cha kwanza alimpa Dympna, kwa kuwa ndiye mwana wa nyumba ambaye hajaoa wala kuolewa. Wafu walipewa cha mwisho. Nilikuwa nimeona mara moja, nikadhani nimejua.

Mama aliufanyia mkate ishara ya msalaba kwa ncha ya kisu. Akakata kipande cha kwanza, kinene.

"Hiki ni cha Malachy," alisema.

"Si wafu ni wa mwisho?" niliuliza. Nadhani sauti yangu ilikuwa ya darasani.

"Mwaka wa kwanza, marehemu ndiye mgeni wa heshima. Utampaje mgeni makombo?"

Alikilaza kipande kwenye sahani ya buluu, na kilipolala kikapasuka katikati. Ukingo wa karatasi ulichomoza, na ndani yake shaba ikamemeta kwa mwanga wa moto.

Mbwa alijinyoosha chini ya meza.

"Haya, Malachy," Mama alisema taratibu. "Nimekusikia."

"Mama," alisema Lorcan, "ni mkate tu."

"Pete kwa aliyekufa. Atamwoa nani huko, kama si mkewe?" Alitabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu Machi, na uso wake ulirudi nyuma miaka ishirini. "Basi ni kabla ya mkesha mwingine. Dympna, vazi langu la kuzikiwa liko sandukuni, chini ya blanketi za kijivu. Lipigwe pasi, lisinuke nondo. Sitaki wanawake wa mjini Boyle wanichungulie wakiziba pua."

"Mama, usiseme hivyo!"

"Nasema nini kibaya? Nimeitwa kwa heshima, kwa pete. Wengine huitwa kwa kikohozi."

Aliendelea kukata, akatugawia. Mimi nilipata kijiti. Lorcan alinitazama kwa jicho la pembeni, akataka kucheka, akaghairi. Dympna hakula. Alikuwa akiitazama sahani ya buluu, na nilijua anahesabu nini. Binti hawezi kuvuka bahari huku mama yake akipigiwa pasi vazi la kaburi. Nilikuwa nimetengeneza kwa mikono yangu sababu pekee ambayo Colman Tansey asingeweza kuishinda.

Wavaa mabua, vijana wanaozunguka nyumba hadi nyumba usiku ule wakijifanya wafu, walikuja saa moja. Tulisikia filimbi kwanza, kisha mlango ukasukumwa, wakaingia wanne na ukungu wao: vichwa vyenye kofia ndefu za mabua ya ngano zilizoshuka hadi kifuani, bila macho, bila midomo. Walizungumza kwa kuvuta pumzi ndani, kama desturi inavyotaka, ili sauti isijulikane.

"Mtupe cha wafu," mmoja alikoroma.

"Jitajeni kwanza," alisema Mama.

"Sisi hatuna majina. Sisi tumetoka chini ya ziwa."

"Chini ya ziwa kuna ng'ombe? Wewe mfupi ni Packie, una kinyesi hadi magotini. Na huyo mrefu ni Tansey. Mwanaume mzima ananuka maziwa kama mtoto wa miezi mitatu."

Walicheka kwa pumzi ya ndani, ambayo ni kicheko kibaya kukisikia. Packie akapiga filimbi, wawili wakacheza mbele ya moto, mabua yakichakarika. Walikizunguka kiti kitupu bila kukigusa. Yule mrefu hakucheza. Alisimama kando ya mlango, na Dympna alimpelekea njugu kwenye aproni. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, nikijaza vikombe.

"Siendi," Dympna alimwambia.

Kofia ya mabua haikusogea.

"Jumapili bado," ilisema, kwa sauti ya kawaida ya Colman.

"Jumapili jibu ni hilohilo. Mama ameitwa. Pete imemwangukia Baba."

"Dympna, kweli? Mkate?"

"Usinicheke."

"Sicheki. Mimi mwenyewe nimevaa mabua." Alizichukua njugu moja moja kutoka kwenye aproni yake, polepole sana. "Nitakuja Jumapili hata hivyo. Uniambie tena nikiwa na uso."

Walipotoka, niliitazama taa ya tanipu hadi wa mwisho wao alipopita mbele yake, macho mekundu yakazimika kidogo, yakawaka tena.

Baada ya rozari, Lorcan na Dympna walikwenda kulala. Mama alibaki kulaza moto. Usiku ule majivu hutandazwa mbele ya meko na kulainishwa kwa ufagio wa manyoya, na asubuhi hutazamwa. Unyayo ukielekea ndani, kuna atakayezaliwa au atakayeletwa. Ukielekea mlangoni, kuna atakayeondoka. Alipiga magoti, akayatandaza sawasawa kama shuka la mgonjwa.

"Mama," nilisema, "pete niliielekeza mimi."

Aliendelea kufagia.

"Nilitia alama kwa ukucha. Nilijua iko wapi. Nilikusudia impate Dympna, kwa sababu mwaka jana baba mkwe alianza kwa Dympna. Sikujua kuhusu mwaka wa kwanza. Hakuna aliyekuita. Ilikuwa makosa ya mpangilio."

Ufagio ulisimama. Mwanga uliobaki ulikuwa mdogo, na sikuuona uso wake, ila upande mmoja wa shingo.

"Makosa ya mpangilio," alisema.

"Ndiyo."

"Alama ya ukucha."

"Upande wa kulia."

Alirudi kulainisha majivu, saa ya ukutani ikigonga tik-tik mara arubaini na tatu. Nilihesabu, kwa kuwa sikuwa na jambo jingine la kufanya.

"Kwa hiyo hakusema chochote," alisema hatimaye. "Tangu Machi hajasema chochote. Nikadhani leo."

Uongo wa kumfariji sikuutafuta.

"Dympna ameshamwambia Colman kwamba haendi," nilisema. "Nimemsikia."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya pete."

"Ni kitu kimoja." Aliinuka kwa kushika mkono wa kiti cha Malachy, kisha akauachia haraka, kama aliyeketi pale angeona uzito. "Nenda ukalale, mwalimu. Umesema kweli yako. Usiku huu si wako peke yako."

Nililala. Nasema hivi kwa sababu baadaye Lorcan aliniuliza kama nilisikia kitu, na sikusikia. Niliota ziwa likiwa limejaa mabua, na mtu akitembea juu yake bila kuzama, akibeba sahani.

Asubuhi nilikuwa wa pili kuingia jikoni. Dympna alikuwa amesimama katikati ya chumba katika vazi la kulalia, mikono kifuani. Sahani ya buluu ilikuwa mbele ya kiti, ina makombo tu. Na mezani, mahali pa Dympna, penye kikombe chake, pete ya shaba ilikuwa imekaa juu ya karatasi yake iliyonyooshwa.

Kwenye majivu palikuwa na unyayo mmoja. Ulielekea mlangoni.

Mama alitoka chumbani akifunga shela, nywele zimeshachanwa, soksi za sufu zimevutwa hadi magotini.

"Kuna nini? Mbona mmesimama kama nguzo za posta?"

"Mama, tazama," alisema Dympna.

Alitazama. Aliizunguka meza, akaikagua sahani, kisha pete, kisha majivu, kwa utaratibu ambao ungempendeza mkaguzi wa shule.

"Amekula," alisema. "Zabibu zote. Siku zote alikuwa mlafi wa zabibu." Akaisukuma pete kwa kidole hadi ikagusa mkono wa Dympna. "Na hii amekupa wewe. Mimi hanitaki bado. Ndivyo alivyo, akikuita kisimani ukifika hayupo."

"Unyayo ni mdogo," Dympna alisema. "Baba alikuwa na mguu kama jahazi."

"Atakuwa amekonda. Nani anampikia huko?"

Dympna alicheka, kisha akalia, kisha akavifanya vyote viwili kwa pamoja, na Mama akamshika kichwa akakilaza begani.

"Unaelekea mlangoni, mwanangu," alimwambia. "Umeona mwenyewe. Mimi na baba yako hatujawahi kukubaliana jambo bila kugombana siku tatu. Hili tumekubaliana usiku mmoja. Nenda kavae, misa ya Watakatifu haikungoji. Na Tansey akiwa pale kanisani, usimngojeshe hadi Jumapili, maziwa yatachacha."

Dympna alipokwenda, Mama alinigeukia.

"Ondoa hayo majivu," alisema, "kabla majirani hawajaja kuyasoma. Wataongeza yao."

Nilipiga magoti. Unyayo ulikuwa wa mguu wa kushoto, urefu wa shubiri moja na vidole viwili. Kidole cha pili kilikuwa kimepanda juu ya kidole gumba, kama kidole kilichowahi kukanyagwa na ng'ombe na kuunga vibaya. Nilikuwa nimeuosha mguu ule wiki zote mbili za homa ya Mama mwezi Aprili. Nilinyanyua macho. Mama alikuwa akimimina chai, amenipa mgongo. Chai kidogo ilimwagika kwenye sahani ya kikombe.

"Una swali, mwalimu?"

"Hapana, Mama."

Nilizoa majivu yote kwenye ndoo, nikaibeba nje. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa, na taa ya tanipu ilikuwa imezimika, imekunjamana mdomoni kama kizee. Hapakuwa na mtu uani. Nilihakikisha.

"Pisheni," nilisema, nikamwaga.