Nifute?

Kompyuta ilitangulia, mwenyewe akafuata. Mchukuzi aliitua juu ya kaunta ya Zulekha, sanduku kubwa jeusi lililofungwa kwa kanga, kisha akatokea Mzee Zahoro, mpiga picha wa Mtaa wa Kongo, akihema kwa zile ngazi.

Zulekha alimtazama bila kuinuka. Shikamoo ilimfika kooni, akaimeza.

Miaka sita ilikuwa imepita tangu mzee huyu awaambie watu kwamba Zulekha, fundi kompyuta, huchungulia picha za wateja. Hakuwahi kuchungulia hata moja. Lakini maneno yalizunguka Kariakoo nzima, na mwanamke aliyetegemewa na maduka manane akaishia kuuza chaja kando ya barabara, mpaka Jasvanti, muuza vitambaa, alipomgawia kipembe cha duka lake huku ghorofani bila kumuuliza chochote.

"Imekuwaje?"

"Feni inazunguka, lakini kioo cheusi. Inalia tu, pii, pii, pii. Mafundi watatu wameshindwa. Wa mwisho akasema, nenda kwa yule binti wa kwa Jasvanti."

"Hakukutajia jina?"

"Alinitajia."

"Na bado ukaja."

Mzee aliangalia viatu vyake. "Humo mna picha za miaka ishirini, mama. Na Amira yumo. Za karatasi zilienda na mafuriko."

Amira alikuwa mkewe, sasa marehemu. Maneno yalipokuwa ya moto kabisa, alikuwa akimsalimia Zulekha barabarani kwa sauti kubwa, makusudi, watu wasikie.

Zulekha alifungua sanduku. Ugonjwa aliujua kabla ya kugusa. Kile kijibao chembamba cha kumbukumbu, RAM kama mafundi wanavyokiita, kilikuwa kimeshika uchafu kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu. Dawa yake ni ufutio wa shule. Unafuta meno, unakirudisha, basi. Diski yenye picha ilikuwa nzima.

Hapo ndipo kisasi kilipomjia, taratibu, kama mgeni aliyealikwa. Kufuta meno ni kufuta. Kuangamiza kila kilichomo kwenye diski nako ni kufuta. Neno ni hilo hilo.

"Mzee," alisema, akimwonyesha meno machafu na ufutio, akipandisha sauti. "Nifute?"

"Futa, mama. Futa kabisa, pasibaki kitu."

"Jasvanti, umemsikia?"

"Nimemsikia," Jasvanti alijibu, mkasi mkononi. "Mtu kakwambia ufute, wewe unatafuta mashahidi. Mnafunga ndoa?"

Mzee akaaga kwenda kuswali adhuhuri.

Zulekha alisugua meno mpaka yakang'aa. Mashine ikalia mara moja tu, kioo kikawaka. Kazi ilikuwa imekwisha. Akachomeka flashi yake ya kuwekea mfumo upya, na kioo kikamuuliza kama afute vyote. Akaweka kidole juu ya kitufe. Miaka sita alikuwa akiutamani uso wa Zahoro ukiwa hivyo: mdomo wazi, na ruhusa ameitoa mwenyewe.

Jasvanti alileta chai ya tangawizi. "Ufutio umeuweka chini kitambo," alisema. "Sasa unafuta nini?"

Jasvanti alikisogeza kikombe mbali na kibodi, akarudi kwenye vitambaa vyake.

Mzee aliporejea alimkuta vilevile.

"Inauliza kama ifute picha zote," Zulekha alimwambia. "Na wewe ulishasema nifute."

Mzee aliangalia ufutio, akaangalia kioo. Akaelewa. Akakaa.

"Nilisema."

"Mbele ya mtu."

"Hujabonyeza."

"Bado."

Neno hilo lilikuwa tamu mdomoni, naye hakuwa na haraka ya kulimeza.

"Mwanangu Fikirini alikuwa fundi," mzee alisema kwa sauti ndogo, "na wateja walikuwa wanakutaka wewe. Yale maneno niliyatunga."

"Mimi najua. Waambie wale wateja. Kwa sauti ile ile ya Mtaa wa Kongo."

Wanawake wawili walikuwa wakichagua vitambaa. Mzee alisimama, akasafisha koo. "Huyu hajawahi kuchungulia picha ya mtu," alisema. "Nilimsingizia."

Walitazamana. "Kwani huyu baba ni nani?" mmoja alimuuliza Jasvanti.

Zulekha alichomoa flashi. Akaiwasha mashine upya, akamsogezea mzee kipanya, kisha akakigeuza kigoda chake kikaelekea ukutani.

Kipanya kililia, kikanyamaza, kikalia tena.

"Zulekha," mzee aliita. "Njoo umwone Amira."

Hakugeuka. Mteja mmoja alikuwa ameshasogea.

"Mzuri," alisema yule mwanamke. "Anamcheka nani hapo?"

Zulekha alisikia mzee akimvutia yeye kiti kando ya kaunta, kikatulia, na hakuna aliyekikalia.